Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maktaba: msizikate namba za vitabu vya Kiswahili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kabla kadi za katalogi hazijahamishiwa kwenye kompyuta, tunakuomba uzuie jambo moja: kufupisha namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada, zibaki tarakimu tatu. Sababu tunaijua. Mgongo wa kitabu ni mwembamba, na wapangaji wa rafu wamechoshwa na nukta.

Lakini 896 ni fasihi ya lugha za Kiafrika kwa jumla. Ukiishia hapo, Kiswahili kinakaa rafu moja na Kiyoruba na Kizulu, na diwani, tamthilia na riwaya zinafuatana kwa herufi za jina la mwandishi tu. Msomaji wa mashairi atapekua rafu nzima. Kwa 896.3921 anayakuta pamoja. Tamthilia ni 896.3922, riwaya 896.3923. Tarakimu nne zaidi, basi. Ziandikwe mstari wa pili wa lebo.

Mfumo huu ulichapishwa Marekani mwaka 1876, na asili yake haijafichika: Ukristo una 220 hadi 280, Uislamu una 297 peke yake. Kwa maktaba ya Pwani, kuikata 297 ni kurundika pamoja tafsiri za Kurani (297.122), fikihi na kila kitu kingine cha dini hiyo.

Vinavyosumbua zaidi ni vitabu vyenye makazi mawili. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, ni ushairi. Ni wasia wa mama kwa binti yake pia, uliojaa maadili ya Kiislamu. Ukiupa 896.3921, anayepita rafu za dini hauoni. Ukiupa 297.5, namba ya maadili ya Kiislamu, mwanafunzi wa fasihi hauoni. Nakala moja haikai rafu mbili, ila kwenye kompyuta inaweza kubeba mada tatu: Ushairi wa Kiswahili, Maadili ya Kiislamu, Wanawake. Mwingizaji mwenye haraka hujaza moja tu, na hapo kompyuta haina faida juu ya kadi.

Mada nazo ziwe na orodha moja. Huyu akiandika “Methali”, yule “Mithali”, anayetafuta neno moja atakosa vitabu vya jingine. Chagueni “Methali”, kisha “Mithali” ielekeze huko.

Anzeni na vitabu 200 vya 398 (ngano, methali na mapokeo mengine ya jadi) na 896. Wakutubi wawili waviainishe kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana. Wanapotofautiana, kanuni iandikwe siku hiyo hiyo, kabla ya kitabu cha 201.

Wako,
Wakutubi wa Pwani