Sawazisheni sauti kipande kwa kipande, si treki nzima

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wanaolalamika kwamba vipindi vya mahojiano vinawachosha wana haki kabisa. Mtangazaji anasikika vizuri, mgeni aliyepigiwa simu hasikiki, wanaongeza sauti ili wamfuatilie, halafu jingo, kile kiwimbo kifupi cha kutambulisha kituo au kipindi, linawalipukia masikioni. Redio zao ni nzima. Kosa linafanyika kwenye kompyuta ya kuhariri, na kulirekebisha hakuhitaji kununua kifaa chochote. Sisi tunaohariri sauti za vipindi vya redio na podikasti tunaomba nafasi tueleze namna ya kulirekebisha, kwa sababu vijana wengi wanaingia katika kazi hii wakiwa na kompyuta na programu ya bure kama Audacity, na ushauri wanaoupewa ni mmoja tu: pandisha faili zima mpaka kilele, yaani pale sauti inapofika juu kuliko kote, kiguse desibeli sifuri, kikomo cha juu cha faili.

Ushauri huo ndio unaoharibu. Kilele kinaweza kuwa kicheko kimoja, kiganja kilichogonga meza, au herufi "p" iliyopuliza maikrofoni. Sikio halifuati kilele, linafuata wastani wa nguvu ya sauti kwa muda. Vipande viwili vyenye kilele kilekile cha desibeli -1 vinaweza kupishana kwa desibeli 10 masikioni, na msikilizaji huhisi kimoja kina sauti kama maradufu ya kingine. Kwa sababu hiyo shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 2006 kipimo kinachoitwa BS.1770, ambacho leo husomwa kwa LUFS, kizio cha wastani huo wa nguvu ya sauti, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ukaweka kiwango cha -23 LUFS kwa matangazo. Kwa podikasti, Apple inapendekeza -16 LUFS, kilele kisipite desibeli -1. Kituo kinaweza kuchagua kiwango chake. Kikishachagua, kiwe hicho hicho kwa kila kitu kinachorushwa, jingo na matangazo ya biashara yakiwemo.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa sauti, kata mngurumo wa chini ya hezi 80 kwa kichujio. Mngurumo huo wa feni, jenereta au meza hausikiki kwenye spika ndogo, lakini unakula nafasi ya kilele bure. Kisha gawa rekodi palipo na mabadiliko ya kweli: mtangazaji anapomwachia mgeni, mgeni anapousogelea au kuukimbia mkono wa simu, wimbo unapoingia. Katika Audacity weka kishale mahali hapo na bonyeza Ctrl+I. Kata katikati ya pumzi, usikate ndani ya neno.

Baada ya hapo bonyeza mara mbili ndani ya kipande kimoja ili kichaguliwe peke yake, fungua Loudness Normalization, amri ya kusawazisha nguvu ya sauti, andika -23, na uweke alama kwenye kisanduku kinachofanya sauti ya mono, yaani ya chaneli moja, ihesabiwe kama inayotoka spika mbili. Wengi hukiacha kisanduku hicho bila kujua kazi yake. Bila alama hiyo, kipande cha mono hupimwa kwa upungufu wa desibeli 3, programu inakipandisha kufidia, na mgeni wa simu anaishia kuwa juu ya jingo la stirio kwa desibeli 3 zilezile. Kipande cha kwanza kikiwa tayari, bonyeza mara mbili kipande kinachofuata kisha Ctrl+R, amri inayorudia kilichofanyika mwisho. Hakuna haja ya kufungua menyu tena, na mahojiano ya nusu saa yenye vipande thelathini hayachukui muda.

Kosa kubwa hapa ni kuchagua treki nzima kwa pamoja. Programu itapima vyote kama kitu kimoja na kuvipandisha kwa kiasi kimoja. Aliyekuwa chini atabaki chini, na mhariri ataamini amesawazisha. Reaper, programu nyingine ya kuhariri sauti, inatoa njia zote mbili waziwazi: kila kipande kivyake, au vipande vyote kwa kiasi kimoja. Njia ya pili ina kazi yake pia. Mtu mmoja aliyerekodiwa kikao kimoja na kukatwa vipande kumi apandishwe kwa kiasi kimoja, maana akisawazishwa kila kipande kivyake, sentensi aliyoinong'ona kwa uchungu itakuwa na sauti sawa na ile aliyofoka. Hapo mhariri amefuta hisia za msemaji.

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Kwenye mita mtangazaji yuko -21 LUFS, mgeni wa simu -35. Ili wote wafike -23, mtangazaji anashuka 2, mgeni anapanda 12. Desibeli 12 ni kuzidisha wimbi kama mara nne, na kila kilichomo ndani ya simu kinapanda pamoja naye: kelele za chinichini zilizokuwa -60 sasa ziko -48, zinasikika. Kama mgeni alicheka na kicheko kikafika -8, sasa kinataka kwenda +4. Ndani ya programu hakitaharibika, kwa kuwa Audacity na Reaper hufanya hesabu kwa namba zenye nafasi juu ya sifuri. Kitaharibika unapotoa faili la WAV la biti 16: hapo kila kilicho juu ya sifuri hukatwa kichwa, na msikilizaji anasikia mkwaruzo. Dawa si kumshusha mgeni wote kwa ajili ya kicheko. Kikate kicheko kiwe kipande chake, kishushe desibeli 8, acha maneno yake yabaki yalipo. Mwisho wa hatua zote weka limita, kifaa cha programu kinachozuia kilele kisipite kikomo, kwenye -1 kwa dharura tu. Ikifanya kazi muda wote, ujue vipande havijasawazishwa.

Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu. Kwa hiyo hata mita ikimwonyesha mgeni -23 sawa na mtangazaji, anaweza kusikika mkali zaidi. Mita ikisema sawa na sikio likikataa, lisikilize sikio na umshushe desibeli 1 au 2.

Wapo watakaosema kompresa, chombo cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, inatosha. Haitoshi ikitangulia. Kompresa huanza kubana sauti inapovuka kizingiti. Mtangazaji aliye juu atabanwa sana, pumzi zake zitavimba. Mgeni aliye chini hatafika kwenye kizingiti kabisa. Kuinua fada, kile kitelezi cha sauti ya treki, hakusaidii, kwa sababu kwa kawaida fada iko baada ya kompresa. Sauti ya kipande iko kabla yake, ndiyo maana tunaisawazisha kwanza. Vikishakaribiana, kompresa ya 2 kwa 1 au 3 kwa 1 (kila desibeli 2 au 3 juu ya kizingiti hutoka 1) inatosha kulainisha kilichobaki. Pro Tools, programu ya studio, ilikosa udhibiti huo wa kipande mpaka toleo la 10, mwaka 2011. Leo unachagua kipande na kukipandisha kwa kibodi. Katika Reaper chagua vipande, bonyeza F2, andika desibeli. Wimbi la asili haliguswi, unaweza kubadili kesho. Amplify ya Audacity, kama Loudness Normalization, hubadilisha wimbi lenyewe, na ukishafunga mradi huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo hifadhi nakala ya rekodi kabla ya kuanza.

Pale vipande viwili vinapokutana, ngazi ya kelele husikika: chumba kinatulia ghafla, kisha kinaanza kuvuma. Pishanisha kingo, cha kwanza kififie huku cha pili kikipanda, kwa milisekunde 10 hadi 30 katika maneno, na karibu nusu sekunde katika mapengo. Usifute ukimya ukawa sifuri tupu, jaza sauti ya chumba kilekile.

Muziki wa chini ya maneno ukae desibeli 15 hadi 20 chini ya msemaji, na uanze kushuka nusu sekunde kabla hajafungua mdomo. Chombo cha Envelope katika Audacity kinatosha: nukta mbili za kushukia, mbili za kupandia.

Sikiliza mara ya mwisho kwa sauti ndogo, kwenye spika ya simu. Msikilizaji wetu yuko kwenye daladala au jikoni, na kwa sauti ndogo ndipo mgeni aliyezama hugundulika mara moja.

Tunawaomba wakuu wa vituo waamue kiwango kimoja na kukiandika ukutani studio, na kabla ya kipindi kwenda hewani mtu mmoja akipime chote. Kikitofautiana na kiwango kwa zaidi ya desibeli 1, kirudi kwa mhariri. Jingo na matangazo yanayoletwa na wateja yapimwe vivyo hivyo, maana mengi hufika yakiwa yamebanwa mpaka mwisho, na mteja aelezwe mapema kwamba yatashushwa.

Wahariri wa sauti,
Dar es Salaam