Safari ya Kolo kwa siku moja: tunachowaomba wageni wetu kabla ya kupanda mlima

Wanaotupigia simu kutoka Dodoma mjini huuliza mambo mawili: mbona tunaondoka saa 11 alfajiri, na mbona tunakataza kumwagia maji michoro ya kale ya mapangoni huko Kolo?

La kwanza ni jepesi. Dodoma hadi Kolo, wilayani Kondoa, ni karibu kilomita 180. Lami ipo, lakini ukifika unapita kwanza ofisi ya mambo ya kale kuchukua kibali na mwongozo, halafu kuna njia ya vumbi, halafu mlima wa kupanda kwa miguu. Ukichelewa, jua litakumaliza kabla hujaona kitu.

La pili ndilo linalotuuma. Mwaka jana mgeni wetu mmoja alifungua chupa pale Mungomi wa Kolo, pango la mlimani lenye michoro, akaumwagia mwamba maji ili picha itoke vizuri kwenye simu. Ikatoka kweli. Watu wembamba wekundu, nywele zimetuna kichwani, walijitokeza kama waliochorwa jana. Mzee aliyekuwa akituongoza akamshika mkono, taratibu kabisa: "Mwanangu, hapa ni kwa watu."

Maji huondoka na rangi kidogo kidogo, na yakikauka huacha utando mweupe wa chumvi juu ya mchoro. Hiyo ndiyo michoro ambayo mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaliingiza eneo zima kwenye Urithi wa Dunia.

Lakini neno la mzee lilikuwa zito kuliko la rangi. Wenyeji bado wanapanda Mungomi kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na pombe ya mtama humwagwa pale kwa ajili ya waliotangulia. Na katika eneo hilohilo la urithi, upande wa Kisese, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba pango mwaka 1956. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya watu waliozikwa humo, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Tabaka za chini za pango hilo zina zaidi ya miaka 40,000.

Kwa hiyo tunakwenda kama mtu anavyokwenda makaburini kwao. Sauti chini, mikono mbali na ukuta. Ukiona kipande cha ganda au jiwe lililochongwa, usikiokote hata kwa nia njema. Mtaalamu husoma umri wake kwa udongo kilimolala, na kikishatoka hapo kinabaki ganda tu.

Vaa viatu vya kufunga na kofia. Maji beba ya kutosha, ya kunywa. Anayetaka na Kisese atuambie siku mbili kabla, maana hiyo tunaondoka saa 10 usiku, na mvua za Desemba hadi Aprili zikikolea hatuendi.