Anakanusha Kiswahili kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalonikera kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapoibuka. Juzi redioni nilimsikia msomi mmoja akisema Kiswahili hakina uwezo wa kubeba dhana za sayansi. Akatoa mfano wa kanuni ya kwanza ya Newton: gimba lililotulia huendelea kutulia, na lililo katika mwendo huendelea na mwendo uleule kwenye mstari mnyoofu, mpaka kani kutoka nje ilibadilishe. "Sasa dhana kama hiyo," akamaliza, "utaielezaje kwa Kiswahili?"

Alikuwa ameshaieleza, tena vizuri. Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi na sina la kuongeza kwenye maelezo yake. Mtangazaji akashukuru, wakaenda kwenye matangazo.

Ziko kauli ambazo maneno yake hayana kosa, ila kule kuzitamka ndiko kunakoziangusha. Ukipiga hodi, sauti ikakujibu kutoka ndani, "Hakuna mtu humu!", huna haja ya kuingia kuhakikisha. Nyumba yaweza kweli kuwa tupu, lakini si kwa ushahidi wa aliyemo. Descartes, katika karne ya 17, alijenga falsafa yake juu ya jambo la namna hiyo: hakuna awezaye kusema "mimi sipo" akawa sahihi, kwa kuwa msemaji lazima awepo kwanza.

Kauli ya msomi wetu ni ya ukoo huo. Angeitoa kwa Kiingereza, tungebaki na la kubishania. Ameitoa kwa Kiswahili kilichonyooka, na mfano juu, ikaanguka palepale.

Sisemi hakuna tatizo. Anayesema vitabu vya kiada havitoshi, istilahi zinatofautiana kitabu hadi kitabu, walimu tulisomeshwa kwa Kiingereza na mtihani wa fizikia wa kidato cha nne hutungwa kwa Kiingereza, huyo hajipingi hata kidogo. Hayo ni ya bajeti na maandalizi, tuyajadili. Hata kuhusu sheria tulizoea kusikia kwamba haiwezekani, na mwaka 2021 Bunge likapitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Linaloniuma ni mtoto wa kidato cha kwanza anayesikiliza redio hiyo. Shule ya msingi alifundishwa usanisinuru kwa Kiswahili akauelewa, akachora jani na mishale ya mwanga, maji na hewa ya ukaa ikiingia. Leo mtu mzima mwenye shahada anamwambia, kwa lugha ileile, kwamba alichokielewa hakielezeki. Naye ataamini, maana atadhani kasoro iko kwake.

Ombi langu kwa watangazaji: mgeni akileta dai hilo, mwulizeni hapohapo ni dhana ipi, aitaje na aieleze. Akikwama kwa kukosa istilahi, iandikwe, ipelekwe BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Hiyo ni kazi yao tangu mwaka 1967.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Morogoro