Karo yangu ilipwe kwa maneno ya watu wangu?

Assalam alaykum mshauri, na salamu kwa wasomaji wote.

Naandika kutoka Lamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Faza katika kisiwa cha Pate, na nasomea shahada ya uzamili ya amani na usalama katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Masomo ya darasani nimeyamaliza. Limebaki pendekezo la utafiti, kisha kwenda nyanjani, kisha kuandika tasnifu. Hapo ndipo nilipokwama, na nisingependa kuamua peke yangu, kwa sababu uamuzi huu hautanigusa mimi tu.

Watu wengi hapa wakisikia ninachosomea hufikiri najifunza upolisi. Siwalaumu. Darasani kwetu kuna maafisa wa polisi, wanajeshi, wafanyakazi wa mashirika, waandishi wa habari, na walimu wachache kama mimi. Lakini masomo yenyewe ni mapana. Muhula wa kwanza tulisoma makala ya Johan Galtung ya mwaka 1969, yule Mnorwe aliyetofautisha amani hasi na amani chanya: hasi ni pale risasi zinaponyamaza, chanya ni pale mambo yanayowaumiza watu polepole, kama umaskini na dhuluma, yanapoondolewa pia. Halafu tukasoma ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 1994, iliyosema kwamba usalama wa binadamu ni pamoja na chakula, kipato, afya na mazingira, si mipaka ya nchi pekee. Niliposoma hayo niliiona Faza. Niliwaona wavuvi.

Wasomaji wa mbali labda hawajui yaliyopita huku. Septemba na Oktoba 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa Kiwayu na Manda wakapelekwa Somalia, na mwezi huohuo wa Oktoba jeshi letu likavuka mpaka kuwasaka al-Shabaab. Kuvua usiku kukapigwa marufuku kwa sababu za usalama. Kisha Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa huko na vijiji vya karibu, na kafyu ikaja. Mwaka 2015 ikaanzishwa operesheni ya kiusalama ya msitu wa Boni. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa mwaka 2014 na watoto wa Waboni, jamii ya msitu huo, wakakaa miaka bila masomo ya maana. Hayo ya mashambulizi yameandikwa sana, na yalistahili kuandikwa. Yaliyoandikwa kidogo ni ya baharini.

Mwenye jarife, yaani wavu wa kutega, hulitega jioni, likalala majini, akalivuta alfajiri. Ukimwambia awe pwani kabla ya magharibi na asishuke mpaka jua litoke, umemnyang'anya kazi ingawa dau lake bado liko. Marhum baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife. Niliona jinsi nyumba inavyobadilika: kwanza deni kwa tajiri wa samaki, kisha mashine ya boti kuuzwa, kisha kaka zangu kuacha shule na kwenda kutafuta vibarua Mokowe na Malindi. Mama ndiye aliyetulisha miaka ile, kwa kuuza vitumbua na kusuka makuti. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Kwa hiyo nikaamua tasnifu yangu iwe juu ya jinsi marufuku ya kuvua usiku na kafyu zilivyobadilisha maisha ya nyumba za wavuvi wa Faza, Kizingitini na Kiwayu, hasa wanawake, maana wao ndio waliobeba mzigo.

Msimamizi wangu alisoma muhtasari akanipigia. Ni mzee wa heshima na amenifunza mengi. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni kazi nzuri, lakini ni ya watu wa idara ya uvuvi. Wewe unatoka Lamu. Andika juu ya vijana wanaoingizwa kwenye itikadi kali. Hakuna mwanafunzi wangu mwingine anayeweza kuingia vijiji hivyo akakaribishwa chai." Akasema liko shirika linalotafuta mtafiti mwenyeji. Watanilipia karo yote iliyobaki, nauli za boti na gharama za nyanjani, na huenda wakaniajiri baadaye. Nikaongea nao. Ni watu waungwana, sina neno baya juu yao. Ila masharti yao ni mawili: mada iwe hiyo ya vijana, na mimi niwakabidhi rekodi za mahojiano zenyewe pamoja na majina ya vijiji, si tasnifu peke yake.

Mshauri, sharti hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Hapa kwetu watu hawasahau nani alikuja na daftari. Kuna kijana wa ukoo wetu aliyechukuliwa nyumbani usiku, akarudi baada ya muda mrefu, na mpaka leo hasemi alikuwa wapi wala alifanywa nini. Mtaani waliamini kwamba jina lake lilitoka kwa wageni waliokuwa wakizunguka wakiuliza maswali siku za nyuma. Kama ni kweli au si kweli, sina njia ya kujua. Lakini imani hiyo ipo, na mimi naingia nyumba hizohizo. Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu, afisa, alikuja Lamu kikazi. Akaniona gatini, akanisalimia kwa furaha na kwa jina langu, mbele ya mabaharia na wapagazi. Hakuwa na ubaya wowote. Kufikia isha mama alikuwa ameshaulizwa na majirani binti yake anafanya kazi gani hasa.

Ami yangu, ambaye tangu baba afariki ndiye baba yetu, aliniita akaniambia, "Mwanangu, soma utakacho, mimi nakuombea. Lakini watu wa hapa usiwaandike. Wewe wasoma miaka miwili, sisi twaishi hapa mpaka twafa." Nilinyamaza. Ningemjibu nini? Darasani tulifundishwa kwamba utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ridhaa ya kila anayehojiwa. Ipo pia sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019. Yote mazuri. Lakini tuliambiwa vilevile kwamba mtafiti si wakili, hana kinga ya namna ile polisi wakidai daftari lake. Na hiyo fomu ya ridhaa yenyewe: nani wa Kizingitini atatia sahihi karatasi inayosema amezungumza juu ya usalama? Wazee wetu wana historia yao na karatasi, hasa za ardhi. Kamati yaweza kuruhusu ridhaa ya mdomo, na mimi nataka kuiomba hiyo. Shirika linataka sahihi.

Sasa upande wa pili, maana si haki niueleze mmoja tu.

Jirani yetu mmoja, mjane wa mvuvi, alisikia maneno ya ami yakamuudhi. Akanijia nyumbani akaniambia, "Binti yangu, andika! Bandari ilipochimbwa wavuvi walisema, wakaandikwa, jaji akawasikia. Sisi wa usiku nani alituuliza?" Alikuwa akiikumbusha ile kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 kuhusu bandari ya Lamu, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mama yule hajasoma sana, lakini ameelewa jambo ambalo wengi darasani kwetu hawajalielewa: hasara isiyoandikwa popote haina pa kudaiwa. Tangu siku ile kila nikimkuta njiani ananiuliza nimefika wapi.

Tena siwezi kusema mada ya shirika ni ya uongo. Najua nyumba ambazo kijana aliondoka na jina lake halitajwi tena mbele ya mama yake. Mmoja wa kina mama hao alinifundisha madrasa. Mwanawe tulikaa jamvi moja. Mara nyingine najiuliza: kama mimi niliyezaliwa hapa nikikataa kuliandika hilo, litaandikwa na nani? Atakuja mtu wa siku chache, akae hotelini Shela, aondoke na kitabu kinachosema vijana wa Kibajuni, yaani watu wetu wa visiwa hivi, wako hivi na vile. Vitu kama hivyo vimeshaandikwa na vinatuumiza. Na huenda mambo haya mawili ni moja. Kijana aliyenyimwa bahari na kusimamishwa kila kituo cha ukaguzi ni rahisi kuvutwa na mwenye ahadi ya fedha. Huenda. Ndilo swali ambalo tasnifu nzuri ingeliuliza kwa utulivu, bila ya jibu kuwa limelipiwa mapema.

Mtu ninayemfikiria sana siku hizi ni marhumu Dekha Ibrahim Abdi, mpatanishi wa Wajir, kaskazini mwa nchi. Miaka ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zinauana, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kuguswa, kisha wakawafikia wazee, vijana na serikali. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011. Alikuwa Mwislamu, mwanamke wa pembezoni kama mimi, na alikaa meza moja na maafisa wa usalama bila watu wake kumwona msaliti. Aliwezaje? Naamini ni kwa sababu watu walijua kazi yake inarudi kwao kwanza. Mimi rekodi zangu zitaenda Nairobi kwanza, na sina hakika kama zitarudi.

Fedha nazo ni tatizo la kweli. Karo ya mwaka wa kwanza nililipa kwa mkopo wa sacco ambao bado unakatwa kwenye mshahara. Nikikataa ufadhili huu nitalazimika kuahirisha masomo mwaka mzima au zaidi, na chuo kina kikomo cha miaka ya kumaliza. Safari ya boti kwenda Faza na Kizingitini si ya bure, na kwenda Kiwayu ni ghali zaidi. Mama yuko tayari kuuza bangili zake za dhahabu, alizobaki nazo baada ya miaka ile yote. Nimemkatalia, naye amenuna.

Nimejaribu kutafuta njia ya katikati. Niliwaomba wenye shirika wakubali kupokea maandishi yaliyofutwa majina na vijiji badala ya rekodi. Walisema wataangalia, kisha wakaniletea mkataba uleule. Msimamizi naye ananihimiza nisaini. Anasema mada ya wavuvi haitanipa kazi, na kwamba nikishapata shahada nitaandika nitakacho. Nakiri maneno hayo yana uzito. Lakini naona kwamba nikishasaini, hata nikija kuandika juu ya wavuvi miaka mitano baadaye, hakuna atakayenifungulia mlango.

Moyo wangu uko kwenye kukataa masharti ya rekodi. Lisilonielea ni kama nikatae na mada pia. Je, inawezekana kuandika juu ya vijana hawa kwa namna isiyomhatarisha mtu, mathalani kwa kuzungumza na kina mama peke yao, bila kurekodi, na kuchanganya visa ili kijiji kisijulikane? Au hilo ni la kuwaachia watu wenye kinga kubwa kuliko mimi, nami nibaki na bahari? Na kuhusu ami: nimtii kabisa, au niende kwa mjane na wenzake ambao wenyewe wanataka kusema? Kwetu si jambo dogo kumkhalifu mtu aliyekulea. Nafikiria kumwomba aketi nami siku ya kwanza ya mahojiano na asikie maswali yote kabla hayajaulizwa. Sijui kama ni heshima kwake au ni kumtwika mzigo wangu.

Kuhusu msimamizi pia naomba mwongozo. Kubadilisha msimamizi kunaruhusiwa, lakini idara ni ndogo na kila mtu anamjua mwenzake. Wapo waliowahi kufanya hivyo wakamaliza salama?

Jibu la mkataba linatakiwa kabla shule hazijafunguliwa muhula ujao. Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote, na zaidi kwa wa mtu aliyewahi kufanya utafiti miongoni mwa jamaa zake, Tana, Kwale, Garissa au popote. Nielezeni mlivyofanya na rekodi zenu, na jinsi mlivyopokelewa nyumbani baada ya kitabu kutoka.

Wenu,
Binti Mvuvi, Lamu