Barua ya wazi kwa wifi yangu aliyemnunia Lily Dale

Wifi yangu,

Salamu zako za sauti zimefika, na manung'uniko yako nimeyasikiliza hadi tamati. Unasema Anthony Trollope, yule mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, amekudhulumu. Umesoma riwaya zake zote sita za Barsetshire, jimbo alilolibuni mwenyewe, kuanzia ile ya 1855 mpaka ya 1867, umewavumilia makasisi na ugomvi wao wa vyeo, halafu Lily Dale haolewi na Johnny Eames. Hadithi imeachwa njiani, ndivyo unavyosema. Kaka yako ameniomba nisikujibu, yataka moyo kubishana na wewe. Najibu hadharani, maana wenye donge kama lako ni wengi.

Na donge lenyewe ni la zamani. The Small House at Allington, riwaya ya tano kati ya hizo sita, ilitoka kwa vipande katika jarida la Cornhill, kuanzia Septemba 1862 hadi Aprili 1864. Wasomaji walimwona Lily akichumbiwa na Adolphus Crosbie, wakamwona Crosbie akienda kutembelea wakubwa kwenye kasri la Courcy na kutoka huko na mchumba mwingine, binti wa lodi. Wakamwona Johnny, karani wa ofisi ya kodi ya mapato aliyempenda Lily tangu utoto, akimtwanga Crosbie ngumi ya jicho katika stesheni ya Paddington. Mwezi hata mwezi wakangoja kijana azawadiwe. Hakuzawadiwa.

Barua zikaanza kumiminika. Trollope anaeleza katika tawasifu yake, iliyochapishwa 1883 baada ya kifo chake, kwamba tangu hapo hazikukoma, na ombi lilikuwa lile lile: mwoze Lily kwa Johnny. Kinachonichekesha ni kwamba bwana huyu alikuwa mtumishi wa posta kwa zaidi ya miaka 30, na ndiye aliyependekeza masanduku ya barua ya barabarani yajaribiwe katika visiwa vya Channel mwaka 1852. Aliwarahisishia njia washenga wake mwenyewe.

Maana walikuwa washenga hasa, wifi, tena wa aina isiyosikia. Msichana amekwisha kusema hapana, wao wanakwenda kumbembeleza mzee.

Usidhani mzee alikuwa hasikii la mtu. Siku moja, katika klabu ya Athenaeum huko London, aliwasikia makasisi wawili wakimteta kwamba anarudiarudia wahusika wale wale, hasa Bibi Proudie, yule mke wa askofu anayetawala dayosisi nzima kutoka chumbani kwake. Trollope akainuka, akajitambulisha, akaahidi kwenda nyumbani kumuua kabla ya wiki kwisha. Akamuua kweli, katika The Last Chronicle of Barset, riwaya ya mwisho kati ya zile sita, na baadaye akawa anamkumbuka kwa majuto. Yaani maneno ya watu wawili yaliondoa uhai wa mhusika aliyempenda kuliko wengi, lakini barua za miaka na miaka hazikuweza kumwoza mhusika ambaye wala hakumpenda sana! Trollope alimwita Lily, kwa ukali, msichana wa kujiona mwema.

Sababu ya kutomwoza anaitoa. Anasema wasomaji walimpenda Lily kwa vile hakuweza kuivuka shida yake. Angemwoza, zile barua zisingeandikwa. Sehemu ya pili naikubali. Ya kwanza siikubali, hata kama anayesema ndiye aliyemwumba.

Rudi kwenye hiyo Last Chronicle. Crosbie sasa ni mjane, anamwandikia mama yake Lily kuomba nafasi tena. Lily anakataa. Kisha, akiwa London juu ya farasi, anamwona Crosbie kwa macho yake, na yule mtu aliyemtunza moyoni miaka yote hafanani na huyu wa mbele yake. Hapo ndipo sisi wasomaji tulipoanza kushona nguo za harusi: sanamu imevunjika, zamu ya Johnny imefika. Lily anamkataa na Johnny. Hata kabla ya London alikwisha kumwambia kwamba ataandika jina lake kitabuni, na kando yake aandike kwamba ni mwanamke asiye na mume, na ukurasa huo hautachanwa kamwe. Hapo mimi simwoni mtu aliyeshindwa kuvuka. Naona mtu aliyevuka, akatazama ng'ambo, akaona hakuna anachokihitaji.

Na huyo Johnny wako unamtakasa mno. Katika The Small House at Allington anampenda Lily huku akimwandikia Amelia Roper, binti wa mwenye nyumba anakopanga, vibarua vya kijinga. Miaka inapita, kijana amepanda cheo, bado yuko sebuleni kwa msichana mwingine, Madalina Demolines, akicheza mchezo ule ule, mpaka Lily anapokea barua isiyo na jina, ila herufi mbili tu, ikimuuliza kama ni mchumba wa Johnny. Angekuwa mwanaume wa mtaani kwetu, wewe wifi ungekuwa wa kwanza kumwambia binti akae mbali.

Nakubaliana nawe katika jambo moja: Trollope alichokoza. Mtu akikuacha na Lily mwaka 1864, akakurudishia 1867 pamoja na Crosbie mjane na Johnny mwenye cheo, amekuahidi kitu, hata asipotamka. Hasira ya wale waandika barua naielewa. Lakini kusema kwamba mwisho haupo, hapana. Upo, na umesemwa na mwenyewe kwa mdomo wake zaidi ya mara moja.

Halafu ndoa unayoililia imo humo humo kitabuni. Grace Crawley, binti wa kasisi fukara aliyesingiziwa wizi wa hundi, anakaa kwa akina Dale Allington wakati wa aibu ya baba yake, na mwishowe anaolewa na Meja Grantly aliyemngoja kwa heshima zote. Katika dakika zote ulizonirekodia, jina lake hukulitaja hata mara moja.

Wako,
Wifi yako