Barua kwa mwanangu: hilo kopo umelifungua?

Mwanangu Salimu,

Asalaam aleikum. Tangu ulipokata simu jana sijakaa sawa. Umenieleza mengi, mjukuu wangu, mume wangu mdogo, analia usiku kucha, mkeo Mwanaidi hana maziwa, mwenye duka kakushauri, na mwishoni ukapitisha harakaharaka kwamba kopo la maziwa ya unga umeshanunua. Sikutaka kukujibu pale pale na mkwe wangu yuko pembeni anasikia. Umelifungua, au bado?

Kama bado, liache lilivyo. Kama umelifungua, soma hadi mwisho na usininunie.

Hiyo kauli ya "hana maziwa", nani kaipima? Mtoto wa wiki 3 hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku umo, na zipo siku atadai kila saa kwa sababu anakua kwa kasi. Hapo ndipo watu husema ziwa limekauka. Ziwa si tangi kwamba ukichota linapungua. Kunyonywa ndiko kunakotengeneza maziwa. Ukimpa kopo atalala saa nyingi, nawe utafurahi. Saa zote hizo ziwa halijaguswa, kesho litatoa pungufu, na wewe utarudi dukani. Na hayo maji yenu ya chumvichumvi, siku yakikatika utachemsha nini? Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu nepi. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda, anashiba huyo. Kadi inasemaje? Hukunitajia.

Leo usiku usikimbilie sebuleni na simu yako. Kaa naye, washa taa, utazame mwenyewe. Mtoto awe amefungua mdomo sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa ziwa, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi upande wa juu kuliko chini. Mashavu yakibonyea ndani, au ukisikia ulimi unalia, amekamata chuchu tupu. Hapo Mwanaidi anaumia na mtoto hapati kitu. Aingize kidole kisafi pembeni ya mdomo amtoe, waanze upya. Yeye kajikunja kwa maumivu, hayaoni hayo. Wewe uliyekaa mbele yake unayaona. Mshikie mto, mkunjie khanga umwekee mgongoni, mpe maji anywe. Wakimaliza mchukue wewe, mlaze begani acheue, nepi ubadilishe wewe. Mama akitulia maziwa hushuka. Akiwa na hofu, au kanuniwa, yapo kifuani lakini hayaji. Sasa jiulize ulivyomwambia mwenzio "maziwa yako hayatoshi" ulimsaidia nini.

Nilijisifu kwa majirani uliponiambia unamsindikiza kliniki. Baadaye nikakuuliza mlifundishwa nini, ukasema ulikuwa nje kwenye benchi. Sikulaumu sana kwa hilo. Hata sisi tuliofanya kazi kliniki tulikuwa tukiwapokea waume, tunawapima, mke aliyekuja na mumewe tunamhudumia mwanzo, halafu somo la kunyonyesha likianza tunawatoa nje. Mwanamke anarudi na somo lake nyumbani, anakuta mwenye hela na mwenye amri wote hawakulisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele na mdoli mkononi, na wewe siku yako ya pili ulinyweshwa maji ya sukari kwenye nyumba hii hii. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa barazani. Hakuna aliyemwita ndani. Tuyaache hayo.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba siku 3 za likizo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Chache, najua, jirani zetu wa Kenya wana wiki 2. Lakini hizo zako ulizimalizia kutafuta mbuzi wa akika na kupokea wageni. Mwanaidi ana siku 84, na akirudi kazini sheria hiyohiyo inamruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Mkumbushe amwandikie bosi wake mapema. Ajifunze kukamua kwa mkono, nawe ujifunze kumnywesha mtoto kwa kikombe, chupa muiache dukani.

Nasikia shangazi yako anakuja Ijumaa. Mpokee kwa heshima zake zote, ila mtoto asipewe maji wala dawa ya mchango mpaka atimize miezi 6. Atakwambia Dodoma kuna joto; maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Kumkatalia ni kazi yako, usimsukumie Mwanaidi. Mkaza mwana akimkatalia shangazi, maneno yatafika Pangani kabla ya magharibi. Ukikataa wewe watasema tu umerithi ukaidi wa baba yako.

Atakuletea na habari za kubemenda, ati baba akitoka nje ya ndoa, au wazazi wakilala pamoja mtoto angali ananyonya, mtoto hudhoofika. Watoto niliowaona kliniki wamekonda, mitaani wakisemwa wamebemendwa, wengi walikuwa wameachishwa ziwa mapema au wanaharishwa na chupa. Nyumbani tulia kwa sababu una mke, siyo kwa kuogopa kubemenda. Na usihamie chumba cha pili ati upate usingizi wa kazini. Umelifungua hilo kopo, Salimu? Nijibu kwa ujumbe, hata neno moja.

Ziwa likiwa jekundu, la moto, na mkeo ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Asiache kunyonyesha. Uji wa pilipili manga mpikie, unampa nguvu, na siyo lazima umsubiri mama mkwe wako aje akupikie. Nilikufundisha kusonga ugali kabla hujaenda jandoni.

Goti lingeniruhusu ningekuwa hapo. Bati la jikoni limetoboka upande wa jiko, mvua ikinyesha napikia ukumbini. Mpangaji wa chumba cha uani anasema mwisho wa mwezi, hakusema mwezi gani. Hela ya kopo ungenitumia mimi ningenunua bati. Mdogo wako amefaulu, anataka sanduku la shule, ongea naye, mimi hanisikii.

Kwenye basi la kesho asubuhi nimekutumia mzigo: nazi nimeshazifua, mbaazi, na ng'onda wa papa, huyo mfungue uani atawanukisha nyumba nzima. Mpe kondakta elfu mbili, nauli ya mzigo nimeshalipa. Ndoo ni ya Mama Rukia, irudi na basi hilohilo pamoja na mfuniko wake.

Mama yako.