Kabla ya kujaza namba za sukari kwenye simu
Habari zenu wapendwa. Nafurahi wengi mmeshapakua programu ya simu ya kufuatilia sukari ya damu. Kwanza fungueni mipangilio, muone kama kizio cha kupimia sukari ni mmol/L au mg/dL, kilingane na mashine yako ya kupimia. 7 ya mmol/L ni 126 ya mg/dL, kwa hiyo ukichanganya, grafu nzima inapotosha.

Pia msijaze namba tupu. Andika kama ulipima kabla ya kula au saa 2 baadaye, na dawa uliyotumia. Hapo daktari anapata cha kusoma.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L (au 70 mg/dL), weka simu chini, kunywa kitu chenye sukari, pima tena baada ya dakika 15. Na jamani, dozi ya insulini usibadilishe kwa kuambiwa na simu!

Aliyekwama aniandikie pembeni.